Feruzi Haitoki kwa Shaba Peke Yake

Mfinyanzi anayeanza kutafuta rangi kali huwa anajua njia moja: rangi ikitoka hafifu, anaongeza madini ya rangi. Kijani kikififia anatia shaba, kisha anatia tena, mpaka siku moja anafungua tanuri na kukuta chungu cheusi chenye utando wa kijivu juu yake. Shaba ilizidi kiasi ambacho kioo kinachofunika chungu kingeweza kuimeza, ikabaki juu. Nimewaona watu wenye mikono mizuri sana ya kufinyanga wakiachana na rangi kwa sababu hiyo, wakarudi kwenye udongo mtupu wakiamini kwamba rangi angavu ni kazi ya viwanda vikubwa. Sivyo hata kidogo, na ushahidi umelala kwenye mwambao wetu kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Wanaakiolojia waliochimba Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, Unguja Ukuu kusini mwa Unguja, na Kilwa Kisiwani, wamekuta vigae vya mitungi mikubwa iliyofunikwa kwa kioo kinene cha rangi ya feruzi, ile iliyo kati ya buluu na kijani. Mitungi hiyo ilitoka kusini mwa Iraki, upande wa Basra, na sehemu nyingine za Ghuba, ikaja na vyombo vya baharini vilivyosukumwa na kaskazi, hasa kati ya karne ya 8 na ya 10. Kigae cha namna hii ukikitazama kwa ukingo wake unaona tabaka mbili. Chini ni udongo wa manjano hafifu, laini. Juu yake ni kioo chenye vipovu vidogo na nyufa nyembamba, na pale kilipokaa na unyevu wa ardhi muda mrefu kimegeuka rangi ya fedha na kuanza kubanduka kama maganda. Lakini ukipata sehemu ambayo haijaliwa, rangi yake ni safi kuliko nyingi zinazouzwa madukani leo.

Tena hivi havikuwa vyombo vya kifalme. Ilikuwa mitungi ya kuwekea na kusafirishia bidhaa, ya kawaida kabisa kwa walioitengeneza. Kwa hiyo swali la kiufundi ni hili: wafinyanzi wasiokuwa na kipimajoto, wala duka la kemikali, waliipataje rangi hiyo mara kwa mara, chombo baada ya chombo?

Tuanze na glezi yenyewe. Glezi ni kioo kinachoyeyushiwa juu ya udongo. Mwili wake ni silika, yaani mchanga mweupe au mawe ya kwatsi yaliyosagwa. Silika peke yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1700 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la mfinyanzi halifiki na ambalo lingeharibu udongo wenyewe. Kwa hiyo inahitaji kiyeyushi cha kuteremsha joto hilo: soda, potashi, chokaa, boraksi, au risasi. Kitu cha tatu ni alumina, inayopatikana ndani ya kaolini, ambayo huifanya glezi iwe nzito inapoyeyuka ili isitiririke yote hadi kwenye kitako. Baada ya hapo ndipo madini ya rangi yanaingia, tena kwa kiasi kidogo mno: gramu 2 au 3 kwa kila gramu 100 za glezi kavu.

Sasa chukua shaba ile ile, kwa uzito ule ule, uitie kwenye glezi mbili. Katika glezi iliyoyeyushwa kwa risasi itatoa kijani cha majani. Katika glezi iliyoyeyushwa kwa soda itatoa feruzi. Ukiichoma katika tanuri lenye moshi, ambamo moto unakosa hewa, itaweza kutoka nyekundu kama damu. Shaba haijabadilika, kilichobadilika ni kile ilichoyeyukia na hewa iliyoivuta. Hapa ndipo mfinyanzi anayezidisha madini anapopotea. Anashughulika na sehemu mbili tatu katika mia, na zile zote zilizobaki hazitazami.

Soda ya mafundi wa Iraki ilitoka kwenye majivu ya mimea inayoota katika ardhi ya chumvi jangwani. Sisi hatuna haja ya kuchoma mimea, kwa kuwa tuna magadi. Yale yale ya kulainishia maharage na makande, yanayovunwa Ziwa Magadi nchini Kenya na yanayopatikana pia Ziwa Natron upande wa Tanzania, ni soda ya asili. Nashangaa kila mara jinsi kitu hiki kilivyo karibu nasi na jinsi kinavyotajwa kwa nadra wafinyanzi wanapozungumzia rangi.

Lakini huwezi kuyachota magadi ya sokoni ukayamwaga kwenye ndoo ya glezi. Kwanza, si safi: yana chumvi na udongo, na kila fungu lina mchanganyiko wake. Pili, yana maji na hewa ndani yake. Magadi safi ya gramu 100 yakikaangwa vizuri hubaki kama gramu 70 tu za soda kavu, na asiyelijua hilo hesabu zake zote zitakwenda mrama. Tatu, na hili ndilo kubwa, magadi huyeyuka katika maji. Ukichovya chungu kwenye glezi yenye magadi mabichi, maji yanaingia kwenye vinyweleo vya udongo yakiwa yamebeba soda, kisha chungu kinapokauka soda inarudi juu na kujikusanya kwenye kingo na mishikio. Matokeo yake ni ukingo unaong'aa kupita kiasi na tumbo lililokauka.

Dawa yake ni ya kale. Mwaka 1301, Abu'l-Qasim wa Kashan, Iran, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, aliandika jinsi kwatsi na majivu ya soda yanavyoyeyushwa kwanza pamoja mpaka viwe kioo, kisha kioo hicho cha moto kinamwagwa majini kikapasuka vipande vipande, ndipo kinasagwa. Kioo hicho cha kusagwa ndicho wafinyanzi wa leo wanakiita friti. Soda ikishafungwa ndani ya kioo haitoki tena kwa urahisi, na unga wake unachanganyika na maji kama unga mwingine wowote.

Hesabu ya kuanzia ninayoipendelea ni gramu 60 za mchanga mweupe uliosagwa, gramu 50 za magadi yaliyosafishwa, na gramu 10 za unga wa mawe ya chokaa. Maji na hewa vikishatoka, zinabaki kama gramu 86 za kioo, na karibu robo yake ni soda. Chokaa imewekwa makusudi: bila hiyo, kioo cha soda huendelea kulika na maji hata baada ya kuchomwa. Na iwe unga wa mawe ya chokaa kweli, si chaki ya ubaoni, ambayo mara nyingi ni jasi na italeta vipovu. Magadi ya ukanda wetu yana floridi pia, kwa hiyo kuyeyusha huku kufanyike mahali pa wazi, penye upepo, wala asisogee mtu juu ya mdomo wa tanuri.

Shaba yenyewe inaweza kununuliwa ikiwa karbonati ya shaba, unga wa kijani hafifu. Asiye na duka karibu anaweza kuichoma shaba ya nyaya kuukuu mpaka iote magamba meusi, akayapukutisha na kuyatwanga. Ila plastiki ya waya ivuliwe kwanza kwa kisu. Kuichoma plastiki hiyo kunatoa moshi wa sumu.

Majaribio ya kuchanganya friti hiyo na kaolini na shaba yanapoanza, utaratibu una faida kuliko kipaji. Vigae vya majaribio vifinyangwe kwa udongo ule ule utakaotumika kwenye vyungu, viwe na umbo linaloweza kusimama wima, kwa sababu glezi iliyochomwa juu ya kigae kilicholala haisemi lolote kuhusu itakavyotiririka kwenye ubavu wa mtungi. Namba ichorwe kwa msumari kwenye udongo mbichi. Wino wa kalamu huungua. Kisha panga vigae vyako kwa safu mbili za mabadiliko. Kwenda kulia, shaba iongezeke: asilimia 1, 2, 3, 4. Kwenda chini, kaolini iongezeke: 5, 10, 15, 20. Vinapatikana vigae 16 vinavyochomwa pamoja, katika moto mmoja, na kila kigae kinatofautiana na jirani yake kwa jambo moja tu.

Watu wengi wanatarajia kwamba safu ya shaba ndiyo itakayowafunza zaidi. Ni kinyume. Kwenda kulia unaona tu rangi ikikolea mpaka kuwa nzito, na kuanzia 4 kwenda juu inaanza kuingia weusi. Kwenda chini ndiko kunakoshangaza. Kwenye kaolini 5, feruzi ni safi, ya kina, inayoonekana kama maji yaliyosimama. Kwenye 10 bado ipo. Kwenye 15 imeanza kuegemea kijani, na kwenye 20 ni kijani hasa, tena kilichopooza, chenye ngozi kavu. Hakuna tone la shaba lililoongezwa katika safu hiyo. Alumina ndiyo iliyoigeuza rangi. Atakayeviona vigae hivyo vinne vimesimama pamoja hatamwamini tena mtu anayemwambia kwamba rangi ya chungu inanunuliwa kwa kilo.

Kuna gharama yake, bila shaka. Glezi yenye kaolini 5 inazama na kuganda chini ya ndoo kama saruji, na ikikauka juu ya chungu inapukutika ukiigusa. Ndiyo maana mimi husimama kwenye 8 au 10, nikaongeza gundi kidogo ya mgunga kwenye maji. Unene nao una kauli. Feruzi iliyopakwa nyembamba hutoka kijani cha maji ya dimbwi. Inahitaji karibu milimita moja ya glezi kavu ili mwanga uingie, ugonge chini, na urudi.

Na huko chini mwanga unagonga nini? Udongo wetu mwingi ni mwekundu, umejaa chuma. Glezi ya feruzi ni angavu, haifichi kitu, na ikiwekwa juu ya udongo mwekundu rangi yake inazimwa kabisa, inakuwa kama zeituni iliyochafuka. Udongo wa Basra ulikuwa wa manjano hafifu, kwa hiyo mafundi wake hawakuwa na tatizo hilo kwa ukali huu. Sisi tunahitaji tabaka jeupe katikati. Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vina kaolini nyingi na nyeupe, na mchanganyiko wa kaolini hiyo, mchanga mweupe uliosagwa na friti kidogo hufanya tope zuri la kupaka. Lipakwe chungu kikiwa hakijakauka kabisa, wakati udongo umekaza lakini bado una ubaridi ukiushika, ili vyote viwili vinywee pamoja. Tope likipakwa kwenye chungu kikavu hubanduka vipande wakati wa kuchoma.

Kuhusu moto nitasema machache. Uchomaji wetu wa jadi wa uwanjani, kwa kuni, manyasi na samadi, ni hodari kwa vyungu vya kupikia, lakini kwa kawaida hauvuki nyuzi 850, na majivu yanarukia vyungu. Glezi hii inahitaji tanuri lililofungwa na karibu nyuzi 1000 hadi 1050. Koni za udongo za kupimia moto, ambazo Hermann Seger alizitoa Berlin mwaka 1886, bado ndizo kipimo bora kwa fundi mdogo, maana koni hupinda kufuatana na joto pamoja na muda uliotumika, kama glezi inavyofanya yenyewe. Tanuri likifika kileleni liachwe hapo kwa dakika 20 au 30 ili vipovu vipande juu, vipasuke na kujifunga. Na moto uwe safi. Moshi ukiingia, feruzi inaota mabaka mekundu ya rangi ya ini.

Sasa tufike kwenye tatizo ambalo soda haiwezi kulikwepa. Toa chungu chako cha feruzi tanurini kikiwa bado na uvuguvugu, ukiweke mezani, unyamaze. Utasikia mlio mdogo, mkali: ti... ti-ti... ti. Ukiinamisha chungu kwenye mwanga unaona mstari mwembamba ukitokea kwenye kioo mahali ambapo sekunde iliyopita hapakuwa na kitu. Mlio huo utaendelea kwa saa kadhaa, wakati mwingine kwa siku. Ni glezi inayopasuka. Soda hufanya kioo kitanuke sana kinapopata joto na kunywea sana kinapopoa. Udongo ulio chini hunywea kidogo. Kioo kinavutwa pande zote kama shati lililobana, na hatimaye kinaachia.

Hapa wengi huinama kwenye ndoo ya glezi kutafuta dawa. Dawa zipo: ongeza silika, au badilisha sehemu ya friti ya soda kwa friti ya boraksi. Nyufa zinapungua kweli. Lakini kila hatua ya kupunguza soda ni hatua ya kuondoka kwenye feruzi kuelekea kijani, na mwishowe unabaki na glezi nzima yenye rangi usiyoitaka. Naamini njia bora ni ile ambayo vigae vya kale vinaionyesha, nayo ni kuushughulikia udongo.

Udongo wa Basra umejaa chokaa. Chokaa iliyosambaa ndani ya udongo na kuchomwa katika joto hili huufanya unywee zaidi unapopoa, ukaikaribia glezi yake. Ndiyo sababu mtungi wa shehena wenye kioo cha soda uliweza kuvuka bahari bila kioo chake kuachana na mwili, japokuwa nyufa za hapa na pale zilikuwepo. Wale wa Kashan walikwenda mbali zaidi. Abu'l-Qasim anaeleza mwili wa chombo uliotengenezwa kwa sehemu 10 za kwatsi, sehemu 1 ya friti na sehemu 1 tu ya udongo mweupe. Hapo waliuacha udongo karibu kabisa, wakatengeneza mwili unaofanana na glezi yake, mweupe tangu ndani. Ni mojawapo ya maamuzi makubwa kuliko yote katika historia ya ufinyanzi, nami huwa nautaja kwa heshima kila ninapopata nafasi.

Kwa fundi wa hapa, njia ya Basra ndiyo inayotekelezeka, kwa kuwa mwili wa Kashan ni mgumu mno kufinyangwa kwa mkono. Ongeza unga wa mawe ya chokaa kwenye udongo mwekundu, kuanzia asilimia 10 hadi 20, ukijaribu kila kiasi kwa vigae vyake. Sehemu kubwa ya mwambao imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo malighafi haikosekani. Sharti ni moja na halina msamaha: unga uwe laini kama wa ngano, uliopita kwenye chujio la nguo. Punje ya chokaa yenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti ikichomwa ndani ya udongo inageuka chokaa hai. Inavuta unyevu wa hewa polepole, inafura, na wiki kadhaa baadaye inarusha kipande cha chungu pamoja na glezi yake, ikiacha shimo lenye doa jeupe katikati.

Rangi nyingine zinafuata mantiki hiyo hiyo kwa namna zake. Manganizi katika glezi ya soda hutoa zambarau. Katika ya risasi, kahawia. Kobalti ndiyo isiyoyumba sana, buluu karibu kila mahali, na nusu ya asilimia inatosha. Kromi kwa kawaida ni kijani, lakini chembe yake ikikutana na bati na chokaa hutoa waridi. Namaanisha bati la madini, si la kuezekea. Kromi pia huruka: kigae chake kikikaa karibu na chungu cheupe chenye bati ndani ya tanuri moja, chungu hicho kinatoka na haya ya waridi upande mmoja. Ama nyekundu na machungwa kali, tusidanganyane. Rangi hizo leo hutoka kwenye kadimi iliyofungiwa viwandani ndani ya fuwele za zirkoni, na fundi asijaribu kuzitengeneza mwenyewe.

Neno la usalama halina budi kusemwa wazi. Risasi isitumike kabisa, hata kama inayeyuka kirahisi na kung'arisha kila rangi. Mexico, ambako glezi ya risasi ina historia ndefu, vyombo vyake bado vinawatia watu sumu. Feruzi yetu haina risasi, lakini glezi yenye soda nyingi na alumina kidogo haishiki shaba kwa nguvu. Weka kipande cha ndimu juu ya kigae usiku kucha. Asubuhi ukikuta alama iliyopauka, umeona shaba ilikokwenda. Na isipoonekana alama, bado si hati ya usalama. Glezi hii ni ya nje ya chungu, ya mtungi wa maua, ya vigae vya ukuta, ya shanga. Bakuli la achari au la ukwaju lisipakwe ndani. Vumbi la silika nalo huharibu mapafu taratibu na madhara yake hayatibiki, hivyo usagaji ufanyike kwa maji na meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe.

Kigae kikishakuridhisha, chungu kizima bado kina mambo yake. Glezi hii huteremka. Kwenye mtungi wenye mabega mapana itajikusanya shingoni na chini ya tumbo, na hapo itakuwa nene na ya buluu zaidi, wakati begani inabaki nyembamba na kuonyesha weupe wa tope. Sentimita 2 za chini ziachwe bila glezi, la sivyo chungu kitagandana na rafu ya tanuri na havitaachana mpaka kimojawapo kivunjike. Fundi mwenye subira huipaka glezi nene zaidi juu na kuipunguza kadiri anavyoshuka, akiuachia moto uipeleke chini. Ukichonga mifereji myembamba kwenye udongo kabla ya kupaka tope, feruzi inatuama humo na michoro inajitokeza kwa buluu iliyoiva, bila brashi.